Skrubu ya King'ora

Ujia wa mafundi wa redio ulikuwa umefurika watu, kila mmoja akimkanyaga mwenzake bila hata kuomba radhi, na hapo ndipo king'ora kilipopiga yowe. Watu waliruka. Mwanamke mmoja aliyevaa gauni la rangi ya chungwa, mkanda mpana kiunoni na futi ya kupimia nguo shingoni, alidondosha furushi lake la vitambaa. Fundi mrefu aliyekuwa nyuma ya meza akazima swichi upesi, akaja kumwokotea.

"Samahani sana, dada. Nilikuwa nakijaribu."

"Unakijaribu juu ya roho yangu?" Alikuwa akihema na kucheka kwa pamoja. "Umekinunua wapi hicho kidude?"

"Nimekitengeneza."

"Kwa mikono hii hii? Basi nitengenezee na mimi. Nina chumba cha kushonea, na mlango wake hata mbuzi anausukuma."

Mafundi wenzake walimwita Fundi Kelele, na walimwita hivyo kwa utani, maana vitu vyake vilipiga kelele lakini mwenyewe hakuwa na neno. Mama yake alizoea kusema: mwanangu huyu ukimkanyaga, yeye ndiye atakayekuomba radhi.

Alimtengenezea ndani ya kopo la maziwa. Alisimamisha msumari katikati, akauzungushia springi aliyoitoa kwenye kalamu, akaunga waya, betri na honi kuukuu ya pikipiki. Mlango ukitikiswa, springi inagusa msumari, umeme unapita, na honi inalia mpaka mwenyewe aizime kwa swichi iliyofichwa. Mambo yote yalitegemea skrubu moja ndogo. Ukiilegeza, king'ora kinangoja mtu asukume mlango kwa bega; ukiikaza, hata lori likipita barabarani kinalia.

Mara ya kwanza aliikaza mno kwa bahati mbaya. Jioni ile ile simu ikaita.

"Fundi, mtoto wako analia."

"Mtoto gani?"

"Huyu uliyeniachia mlangoni! Njoo umbembeleze, majirani wameanza kuniangalia kwa jicho baya."

Alikwenda. Alimkuta amevaa blauzi nyeupe, pini kadhaa mdomoni, chai imeshamiminwa vikombe viwili. Walikaa kando ya cherehani aliyoachiwa mwanamke na marehemu mama yake, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia, wakazungumza mpaka taa za barabarani zikawaka. Yaani mwanamke alizungumza, na fundi akacheka, na kucheka huko kulimtosha.

Wakati wa kuondoka fundi alifungua kopo. Nusu mzunguko tu wa bisibisi, kazi ingekwisha. Aliiangalia ile skrubu, akapuliza vumbi lisilokuwapo, akafunga kopo.

Basi ikawa hivyo. Lori likipita, king'ora kinalia, simu inaita. "Baba wa mtoto, uko wapi?" "Nakuja, mpenzi." Lile neno mpenzi walianza kulitumia kwa mzaha, na wote wawili waliogopa kuuliza kama bado ni mzaha. Siku moja fundi aliona alama ya kiatu upande wa chini wa mlango, akaifuta kwa kitambaa, akidhani ni utundu wa watoto wa mtaa. Kila safari alijiapiza: leo namwambia. Lakini mficha uchi hazai, na yeye aliuficha wake ndani ya kopo la maziwa.

Mwenye nyumba akachoka. Alikuja juu kwelikweli, kanga imefungwa kifuani: "Binti yangu, hapa si kituo cha zimamoto. Kikilia tena, kitoke hicho au utoke wewe."

Mshonaji akapiga simu. "Fundi, nimekizima. Kwa leo tu, nisije nikalala nje."

Angeweza kumwambia palepale: shika bisibisi, legeza nusu mzunguko, washa, ulale salama. Maneno hayo yalimfika mdomoni. Lakini akiyasema, kesho atakwenda kwa sababu gani?

"Usijali," akasema. "Kesho jioni nakuja kukitazama."

Wezi hawakungoja kesho. Asubuhi alipoitwa, fundi aliukuta mlango wa chumba cha kushonea umelala chini, vitambaa vya wateja vimekwenda, na pale cherehani iliposimama miaka yote pamebaki alama nne za miguu yake sakafuni. Mwanamke alikaa chini, futi bado iko shingoni.

"Kosa ni langu," alilia. "Mimi ndiye niliyeyataka haya."

"Usijilaumu," fundi akasema, na hakusema lingine. Alimwacha anywe uchungu usiokuwa wake, au ndivyo alivyodhani.

Aibu ikamfanya akwepe simu zake. Mwisho mshonaji alilibeba kopo mwenyewe, akampelekea fundi mwingine mwisho wa ujia, kisha akaja nalo kwenye meza ya Fundi Kelele. Alivaa nguo nyeusi, bila mkanda.

"Mwenzako amelifungua akacheka. Anasema hakina ubovu, skrubu tu imekazwa. Anasema fundi kama wewe hawezi kukosea hivyo kila siku."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Kwa nini?"

"Nilitaka uniite."

"Na nilipokuwa nalia pale chini? Ulinitazama nikijilaumu, ukanyamaza!" Aliliweka kopo mezani taratibu. "Nakwenda kwa dada yangu. Mji wa mbali. Usinifuate."

Hakumfuata. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alihamia kwake moja kwa moja. Alitengeneza ving'ora vya watu, akilegeza kila skrubu kwa uangalifu, na hakuna mteja aliyempigia simu jioni.

Mvua za masika zilikuja zikapita. Siku moja, chuma cha kuchomea nyaya bado kiko moto mkononi, simu ikaita.

"Fundi."

"King'ora kimelia?" Ulimi ulimtangulia.

"Kilie wapi? Nashonea sebuleni kwa dada, hata mlango si wangu. Nimekupigia tu. Lile kosa nililolilia siku ile, ulidhani ni la kukizima?"

"Si ndilo?"

"Jumapili malori hayapiti pale, Fundi, na bado kilikuwa kinalia. Hukujiuliza kilikuwa kinalizwa na nini? Nilikuwa naupiga teke mlango mwenyewe, halafu nakupigia simu. Nilimchosha mwenye nyumba kwa mguu wangu. Nikakukasirikia kwa kosa tulilolifanya wote wawili."

Aliikumbuka ile alama ya kiatu aliyoifuta. Alitafuta kiti, akakaa.

"Ungeniita tu, mpenzi."

"Na wewe ungekuja tu. Leo cherehani ya mama ingekuwa mbele yangu."

Fundi alisikia mkasi ukikata kitambaa upande wa pili.

"Kesho napanda basi, nije."

"Usije. Ukija utapata kitu cha kutengeneza, nakujua. Leo ongea tu."

Fundi Kelele akazima chuma cha kuchomea. Akaanza na lile gauni la rangi ya chungwa.