Kulabu ya Behewa la Mwisho

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kuosha sahani yake, Sisimizi alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma, mahali shangazi yake alipoweka treni. Jina hilo la Sisimizi alipewa na kaka yake, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na hakujua kukaa bure. Kaka mwenyewe aliitwa Profesa. Hakuitwa hivyo kwa wingi wa akili. Ni kwamba hakuna jambo lililomkosesha maelezo, hasa lile asilolijua.

Shangazi alikuwa fundi wa karakana ya reli. Mchana kutwa aliunganisha na kukagua mabehewa makubwa, na jioni akarudi nyumbani kushughulikia mabehewa yanayokaa kiganjani. Wala hayakuwa ya kuchezea. Mzee Filimbi, gadi aliyesafiri miaka mingi kwenye behewa la mwisho na kupiga filimbi treni ilipotaka kuondoka, alikuwa anastaafu Jumamosi. Wenzake waliamua kumuaga kwa treni ndogo ya mfano, itakayozunguka juu ya meza kubwa ukumbini. Behewa lake walilipaka rangi nyekundu na kulitilia kibaraza nyuma, sawasawa na lile la kweli.

Kasoro ilikuwa moja, nayo ni kulabu, vile vishikio vya mwishoni vinavyounganisha behewa moja na jingine. Mabehewa hayo yalichangwa na watu mbalimbali. Kulabu zake zilikuwa za plastiki, nyingine zimekatika, nyingine hazielewani kabisa. Shangazi alinunua mpya za chuma, ndogo kuliko punje ya mchele.

"Vidole vyangu vimezoea vyuma vya kubebwa na watu wawili," alimwambia Sisimizi. "Kazi hii inataka vidole vyako. Nimeshawaambia wenzangu kwamba kulabu zote zitafungwa na binti wa kaka yangu. Usiniangushe, mama."

"Siwezi kukuangusha, shangazi," alijibu Sisimizi, na kifua kikamjaa fahari.

Kazi yenyewe ilihitaji subira. Kwanza alifungua skrubu chini ya behewa na kuitoa kulabu ya zamani. Kisha alisafisha kikasha inamokaa kulabu kwa tupa ndogo, akanyunyizia unga kidogo wa risasi ya penseli ili kulabu iteleze bila mafuta. Halafu ndipo ilipokuja springi, nyembamba kama unywele, ya kuirudisha kulabu katikati kila inapopinda. Mwisho alifunga skrubu na kupima kimo kwa kipimo cha chuma alichopewa na shangazi, maana kulabu ikiwa juu au chini ya mwenzake hazitashikana.

"Springi uifungie ndani ya mfuko huu," shangazi alimwonya, akimpa mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. "Ingiza mikono yote miwili humo. Springi ikiruka, inaruka ndani ya mfuko."

Sisimizi alifanya hivyo siku zote, mpaka Ijumaa. Ijumaa lilikuwa limebaki behewa jekundu peke yake. Mikono ilimtoka jasho, mfuko ukaingia ukungu, na Profesa akawa amesimama mlangoni akicheka.

"Fundi gani huyu anafanya kazi ndani ya mfuko wa mkate?" alisema. "Utadhani unaosha kuku!"

Sisimizi alitoa mikono nje ili amwonyeshe kwamba yeye si fundi wa mfuko. Akaibana springi kwa kibano, akainama, na springi ikaponyoka. Walisikia "ti!" ndogo tu, basi. Sisimizi alitambaa chini ya meza, akafagia kila pembe, akamulika kwa tochi mpaka ndani ya viatu. Profesa, aliyekuwa na maneno mengi muda mfupi uliopita, aliona heri aende akachote maji.

Bila springi, kulabu ililala upande kama mtu mwenye usingizi. Shangazi alikuwa karibu kurudi. Sisimizi alitazama chupa ya gundi, akatazama mlango, akaitazama tena gundi. Tone moja tu, kulabu ikanyooka katikati, imetulia. Aliliunganisha behewa na mengine kwenye kipande cha reli iliyonyooka, akaivuta treni kwa mkono, nayo ikaenda vizuri. Lakini alijua kwamba kulabu isiyopinda haiwezi kupita kwenye kona. Na reli ya meza ya ukumbini ilijaa kona.

Shangazi aliporudi alipima kulabu zote, moja baada ya nyingine, kisha akampigia makofi.

"Mkono wako huu ni mkono wa kazi! Kesho watanionea wivu."

Sisimizi alitabasamu kidogo. Sifa aliyoitamani wiki nzima sasa haikuwa na ladha. Chakula cha jioni alikiacha sahanini.

Jumamosi ukumbi ulijaa mafundi na familia zao. Treni ilikuwa imepangwa kwenye reli, kichwa chake cheusi kiking'aa mbele na behewa jekundu nyuma. Mzee Filimbi aliingia akiwa amevaa sare aliyoinyoosha mpaka ikasimama, na filimbi yake shingoni. Alizunguka meza polepole. Alipofika nyuma ya treni alivaa miwani, akainama, na kidole chake kikagusa kile kibaraza kidogo.

"Hili langu," alisema kwa sauti iliyokatika. "Hapa ndipo nilipokuwa nasimama." Alijifuta macho bila kuona haya. "Na kulabu hizi, nani kazifunga? Zimenyooka kama gwaride."

"Binti wa kaka yangu huyo!" Shangazi alijibu kwa nguvu, akimsukuma Sisimizi mbele. Makofi yakalia. Fundi wa umeme akaushika mtambo wa kuwashia.

Sisimizi aliliona jambo lote kabla halijatokea. Treni ingefika kona ya kwanza, behewa jekundu lingeng'ang'ana, lingeanguka, na mengine yangeendelea mbele yakimwacha Mzee Filimbi nyuma, siku ya kuagwa kwake, mbele ya watu wote. Akapiga moyo konde.

"Msiwashe!" alisema. "Behewa la mwisho halijafungwa vizuri. Springi iliruka jana nikaipoteza, nikatia gundi. Nilitoa mikono kwenye mfuko. Shangazi, nisamehe. Nimekudanganya."

Makofi yalikatika. Shangazi alifungua mkoba wake na kutoa pakiti ndogo. Ndani yake mlikuwa na springi na kulabu za akiba.

"Ulikuwa nazo?" Sisimizi aliuliza, macho yakimtoka.

"Fundi gani asiyejua kwamba springi huruka?" alisema shangazi. "Mimi nimepoteza nyingi kuliko wewe. Ungeniambia jana, tungemaliza hata chai haijapoa."

Mafundi wakaangua kicheko, kila mmoja akikumbuka springi zake. Mmoja alikiri kwamba moja iliwahi kuzama kwenye uji wake, na akaunywa.

"Haya, fundi," alisema Mzee Filimbi, akivuta kiti na kukaa. "Treni haiondoki mpaka gadi aridhike. Nami nakusubiri wewe."

Sisimizi aliomba mfuko na vifaa. Mbele ya ukumbi mzima aliingiza mikono yote miwili ndani yake, na safari hii hakujali nani anacheka. Aliing'oa kulabu iliyoganda, akakwangua gundi kwa tupa, akatia unga wa penseli. Springi iliruka mara moja, ikagonga plastiki na kuanguka papo hapo. Watu wakashangilia. Akaikamata, akaipachika, akakaza skrubu, akapima kimo. Kisha akaisukuma kulabu kwa ncha ya kidole, kushoto, halafu kulia. Kila mara ilirudi katikati yenyewe.

"Tayari," alisema.

Mzee Filimbi alisimama wima, akapuliza filimbi, na treni ikaondoka. Ilifika kona ya kwanza. Sisimizi alishika mkono wa shangazi. Behewa jekundu lilipinda taratibu, likafuata wenzake, likatoka upande wa pili likiwa salama. Treni ilizunguka meza tena na tena, na kila lilipopita behewa jekundu, mzee alilipigia saluti.

"Nina fahari nawe," shangazi alimwambia Sisimizi. "Jana nilijivunia vidole vyako. Leo najivunia wewe mzima. Kukosea kazini si aibu, mwanangu, kila fundi hukosea. Ila ukilificha kosa, unamwachia mwingine aanguke nalo. Sema mapema, tutatengeneza pamoja."

"Nitasema, shangazi. Hata kama ni springi tu."

"Hasa kama ni springi."

Profesa alikuwa amekaribia, amejaa maelezo kuhusu kona na kulabu. Ghafla alinyamaza, jambo ambalo si kawaida yake, akanyoosha mkono na kuchomoa kitu kwenye sufu ya sweta la dada yake, lile lile alilovaa siku iliyotangulia. Ilikuwa ile springi ya Ijumaa. Sisimizi alikuwa ameitafuta nyumba nzima huku ameivaa.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaitia springi ndani ya pakiti ya akiba na kumrudishia shangazi, kwa ajili ya fundi mwingine atakayekuja kusema kwamba yake imeruka.