Msiba wa Mama Aliye Hai

Siku waliyokutana, soko la Beringharjo lilikuwa limefurika wageni wa likizo, watu wanasukumana kati ya marobota ya batiki. Ratri, binti wa miaka ishirini na minne, blauzi ya kijani ya kebaya ikimkaa sawasawa, alikuwa akiuza jamu, zile dawa za kunywa za mizizi na majani, pamoja na mama yake, Bu Lasmi, yaani Mama Lasmi. Mara akajitokeza kijana mwongoza watalii, Danang, kofia kisogoni, nyuma yake Wafaransa kumi na wawili.

"Mbak, dada yangu, mgeni wangu tumbo linamsokota. Una chochote?"

"Ninacho. Na wewe, Mas, kaka yangu, unaumwa nini mbona umenikodolea macho?"

"Mimi ugonjwa ndio umenianza sasa hivi."

Bu Lasmi, aliyekuwa akitwanga binzari, alicheka mpaka mchi ukamponyoka.

Tangu hapo Danang hakubanduka. Kila kundi la wageni lilipitishwa kwa Ratri, na jioni simu haikutulia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nashiba nikisikia sauti yako."

"Basi utakonda, shauri yako."

Jambo moja tu alilikwepa. Ratri alipouliza ni lini atapelekwa kwa mama mkwe, jibu lilikuwa lilelile: mama yuko Sumatra kwa dada yake, safari ni ndefu.

Wageni wake nao walikuwa na vituko. Walinunua chupa tatu tatu, wakimtazama Ratri kwa huruma. Akadhani ndio ustaarabu wa kwao. Mwezi wa sita wa mapenzi yao akaja mama mmoja wa Kifaransa aliyewahi kuishi Bandung na aliyekijua Kiindonesia. Alimshika mkono.

"Pole, mwanangu. Danang ametusimulia. Mtoto wa miaka tisa kufukua kifusi kwa mikono, na mama yuko chini!"

"Mama yupi?"

"Mama yako. Aliyekufa kwenye tetemeko la Bantul."

Ratri akageuka. Mama yake alikuwa juu ya kigoda, anatafuna tofu ya kukaanga. Kisha akamtazama Danang.

"Umemuua mama yangu ili chupa zitoke?" Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Danang.

"Ratri, nisikilize..."

"Ondoka. Ukirudi hapa nakumwagia jamu ya moto."

Siku kumi na saba hakupokea simu yake. Ya kumi na nane, adhuhuri, Bu Lasmi aliichukua simu ya binti yake, akampigia Danang, akaiweka mezani kwa spika, Ratri naye asikie.

"Danang, ni mimi marehemu."

"Bu... nisamehe."

"Kwanza nijibu. Mwaka wa tetemeko Ratri alikuwa na miaka sita. Huyo wa tisa ni nani?"

Upande wa pili pikipiki ilizimwa.

"Ni mimi, Bu."

Nyumba yao iliwaangukia alfajiri, akasema. Tangu siku hiyo hakuwahi kulisema jambo hilo kwa Kijava wala Kiindonesia. Kwa Kifaransa, kwa jina la mtu mwingine, maneno yalitoka.

"Sikupanga, Ratri. Waliniuliza kwa nini nakutazama vile, nikajikuta nasimulia. Halafu nikaona wananunua, sikuacha. Hapo ndipo nilipokukosea."

"Na Sumatra?"

"Hakuna mtu Sumatra."

"Miezi sita, Mas. Ungeniambia hata siku moja."

"Najua."

Bu Lasmi alipangusa meza. "Mimi nimesamehe. Ila kila mgeni uliyemwambia nimekufa na bado una namba yake, kanifufue kwake."

Ratri hakusamehe siku hiyo. Alisamehe kidogo kidogo, kwanza kwa kupokea simu, kisha kwa kuanza kutania. Mwezi wa kuzuru makaburi ulipofika, kabla ya Ramadhani, alipanda pikipiki ya Danang wakaenda Bantul, yeye na shela jeupe na kikapu cha waridi.

Kaburi la mama yake Danang lilikuwa limezama majanini. Danang hakuwa amefika miaka minne. Waliyang'oa majani wote wawili. Walipomaliza Danang alifungua kinywa amtambulishe mchumba wake, sauti ikagoma. Ratri akapiga magoti mwenyewe.

"Shikamoo, Bu. Mimi naitwa Ratri, nauza jamu. Mwanao huyu ni mwongo, lakini nimeshamzoea. Nimekuja kumposa."

Danang akaketi kando yake. Akamtaja mama yake kwa jina, na kwa Kijava, akikwama na kuendelea, akaanza kusimulia asubuhi ile.