Sauti Chini ya Magitaa

Katika bendi ile, mpiga ngoma peke yake ndiye aliyekuwa akiinua kichwa. Kichaka, mpiga gitaa mwenye nywele zilizompa jina, na yule wa besi walipiga huku wakitazama miguu yao, maana roki yao ilikuwa ya kukwaruza na kuota ndoto, mwangwi juu ya mwangwi, na vile vidude vya kukoroga mlio walivikanyaga sakafuni. Mwimbaji, binti, mdogo wake mpiga ngoma, aliimba amefumba macho, sauti yake imezamishwa chini ya kelele. Ndivyo walivyopenda.

Kwa hiyo ni kaka mtu aliyeona, alasiri moja katika chumba chao cha mazoezi nyuma ya gereji ya mjomba, kwamba mdogo wake amefunga mdomo na wimbo unaendelea.

Aliwaambia wenzake. Kichaka akacheka, akasema huo ni mwangwi wa mitambo tu, tena mtamu, wauache. Wakauacha. Yaani mgeni hajabisha hodi, wao wameshampa kiti.

Kadiri siku zilivyokwenda, ile sauti ikanenepa na ya binti ikakonda, mpaka mezani akawa anaomba chumvi kwa ishara. Chumba kikanuka waya ulioungua, na hakuna waya uliokuwa umeungua. Marehemu mama yao alimwachia kaka mtu amtunze huyu mdogo wake, na sasa alimwona akiyeyuka mbele ya macho yake. Aliogopa mno.

"Kaka," binti alimnong'oneza, koo limekauka, "nikiimba, kuna mtu ananipokonya maneno kabla sijayatoa."

Kaka akamleta mganga, mama mmoja asiyependa porojo. Aliwataka wapige kama kawaida. Wakapiga, magitaa yakavuma, harufu ya waya ikawakaba, na mpiga ngoma, asithubutu kuacha, akaona midomo ya mdogo wake imefungwa na machozi yanamtiririka huku ile sauti ikipanda, ikipanda, mpaka mganga akashusha swichi kuu na kila kitu kikanyamaza.

Binti akafumbua macho. "Kaka, twende nyumbani," akasema, kwa sauti safi, nzuri kuliko zamani.

Kaka akamkumbatia, akalia kwa furaha. Mganga akafunga mkoba wake, wote wakatoka, kaka mtu akabaki kuzifunika ngoma zake shuka.

Umeme ulikuwa bado umezimwa. Spika ikakwaruza kidogo.

"Kaka," ikanong'ona, kwa koo lilelile lililokauka, "mbona umemchukua yeye?"

Huko nje, binti alikuwa akimwita aharakishe.