Mwandiko wa Mwanamke Kwenye Barua za Orrin

— Shoga, keti kwanza. Mumeo ana mwanamke huko Washington.

Lovina alikuwa anakanda mkate. Mikono ikaganda kwenye unga.

— Nani kasema?

— Mwanangu Jabez, kaja likizo kutoka vitani. Kapita hospitali kumtazama mwenzake, akaonyeshwa kwa mbali kitanda cha Orrin wako. Mwanamke kakaa kitandani hapo, kampa Jabez mgongo, kamshika mumeo mkono, wananong'ona. Mimi nakuambia tu, sitaki ugomvi.

Philura Peck, jirani wa ng'ambo ya kijito, akajifunga shali yake na kuondoka mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Mzigo ukabaki kwa Lovina.

Uvumi ule ulimganda. Akikamua ng'ombe anausikia. Akilala unapanda naye kitandani. Maana kulikuwa na jambo ambalo hajamwambia mtu: barua za karibuni, zile ambazo Orrin alisema ana homa kidogo tu, hazikuwa na mwandiko wake. Orrin huandika kama kuku kapita kwenye majivu. Hizi zilikuwa na herufi za kulala, laini, zenye mikia ya madaha. Mwandiko wa mwanamke. Tena zilianza, "Mke wangu mpendwa." Tangu vita hivi vya Kaskazini na Kusini mwa Marekani vimpeleke jeshini, Orrin huanza, "We Vina, ng'ombe yu hai?"

Jioni akamkabili mama mkwe wake, Keziah, aliyekuwa akimenya tufaha.

— Mama, mwanao ana homa gani isiyomruhusu kushika kalamu?

— Muulize mwenyewe.

— Namwandikia sasa hivi.

— Muulize, nimesema. Sikusema mtukane. Hujui yu katika hali gani.

— Unamtetea kwa sababu umemzaa.

— Na wewe unamhukumu kwa sababu Philura kasema. Si ndiye huyu Philura aliyetangaza mchungaji kafa, Jumapili tukamkuta anahubiri?

Lovina hakucheka. Akaandika:

"Orrin. Huyo anayekushikia kalamu na akushikie na mengine. Usiniandikie tena. Ukipona baki huko huko. Sikutaki."

Akaipeleka posta mwenyewe, mbio, kabla hasira haijapoa.

Ilipopoa, ikaja hofu. Akawa anaogopa jibu, na anaogopa lisije. Siku jibu lilipofika, mwandiko ulikuwa ule ule wa madaha.

— Soma kwa sauti, Keziah akasema. — Na mimi nisikie.

"Bibi Lovina Tuttle. Mimi ndiye mwenye mwandiko. Kazi yangu ni kuwaandikia na kuwasomea majeruhi wa wodi hii. Mumeo alilipukiwa na baruti usoni. Macho yote mawili yamefungwa, na daktari hana tumaini nayo. Aliniapisha nisikuambie. Barua yako ilipofika alifurahi mno, akawaita wenzake wasikilize habari za nyumbani. Nikaanza kuisoma kwa sauti kabla sijajua kilichomo. Nikanyamaza. Akaniambia niendelee mpaka mwisho, nikaendelea. Tangu hapo hali chakula, hasemi, na sasa homa imempanda kweli. Kama una neno la kumwambia, usiliandike. Njoo. Almira Goodspeed."

Lovina akakaa chini sakafuni.

— Mama, nimemuua.

— Vaa viatu, Keziah alisema. Akamrushia shali. — Garimoshi halikungojei ulie. Ng'ombe nitamwangalia mimi.

Njia nzima Lovina hakula. Vituoni majeneza yalikuwa yamepangwa yakingoja kupelekwa makwao, majina yameandikwa kwenye mbao. Kila garimoshi liliposimama alishuka kuyasoma, akiomba asikute la mumewe.

Mlangoni mwa wodi alipokewa na bibi kizee kibogoyo aliyevaa aproni.

— Wewe ndiye Lovina?

— Ndiye mimi. Yu hai?

— Asubuhi alikuwa hai. Mimi Almira.

Lovina akamtazama. Huyu ndiye aliyemnyima usingizi! Angeweza kuwa nyanya yake.

Orrin alikuwa amelala kaupa ukuta uso, kitambaa machoni, mashavu yamebonyea. Aliposikia hatua akasema:

— Bibi Almira, leo usinisomee kitu.

Lovina akamshika mkono. Ulikuwa unawaka.

— Ni mimi.

Wodi nzima ikageuka kutazama. Ilikuwa imeisikia ile barua.

— Umekuja kunisomea iliyobaki?

— Orrin, nimekuja kukuomba msamaha.

— Waliisikia wote, Vina.

— Basi na hili walisikie wote. Jamani! Ile barua niliandika kwa wivu na ujinga. Huyu ni mume wangu na namtaka. Namtaka hivi hivi!

— Dada, akikukataa nipo mimi! akadakia mmoja asiye na mguu. Wenzake wakamzomea.

Orrin hakucheka. Ila uso aliutoa ukutani.

— Nilidhani hutagundua mwandiko si wangu.

— Miaka yote hii nisijue mwandiko wako? Na hilo "mpendwa" umelitoa wapi?

— Bibi Almira huyo. Nilimwambia aandike "We Vina", akasema si adabu.

— Kwa nini ulinificha?

— Niliogopa. Mwanamume asiyeliona hata shamba lake, utamfanyia nini?

— Nitamlisha, Lovina akasema, akachukua bakuli la supu kando ya kitanda. — Fungua mdomo.

— Supu yao mbaya, Vina.

— Fungua!

Akafungua. Lovina alijaza kijiko mno, supu ikamwagika kidevuni, naye akaipangusa kwa kona ya shali yake. Hakutoka pale mpaka homa iliposhuka. Macho hayakurudi. Alimrudisha nyumbani amemshika mkono, na walipopita kwa Philura hakugeuza shingo.

Wanangu ambao waume zenu wako mbali, nawasihi kama mama, maana nawaona mnavyokimbilia posta. Haya myaepuke:

Usiamini habari ya mtu aliyeona mgongo tu.

Usiandike barua ukiwa na hasira. Ukiandika, ilaze kwanza.

Usiandike neno ambalo huwezi kulisema mbele ya wodi nzima. Hujui mumeo atasomewa na nani.

Usihukumu kabla ya kuuliza.

Na ninyi wanaume, msitufiche vidonda vyenu.