Ukuta Unaotoka Jasho

Mke alikuwa akishona sare za shule kwenye cherehani yake, katika nyumba ya mawe waliyoachiwa na babu wa mumewe. Kijiji kizima ni nyumba za kale kama hiyo, na siku hizi watu wa mjini wanazigombania. Yeye na mumewe, seremala, walitaka kuuza yao. Wangejenga karibu na barabara, mume apate karakana.

Akavuta kitambaa kilichogusa ukuta. Kilikuwa kimelowa.

"Baba watoto! Ukuta unatoka jasho tena."

"Ni yule jirani," mume akasema. "Kila siku ndoo, kila siku ndoo. Anatumwagia maji makusudi, tuuze bure, anunue yeye."

"Una hakika?"

"Mtu anafunga kufuli mpaka jikoni! Anaficha nini?"

Mchana akaja dalali wa nyumba. Akagonga ukuta, saruji ikadondoka.

"Shemeji, nyumba inaanguka hii. Mteja wangu yuko tayari leo. Kesho sijui."

"Mbona haraka hivyo?" mke akauliza.

"Nawahurumia tu."

Huruma ile haikumwingia mke akilini. Dalali alipoondoka, akaenda kwa jirani. Mume akamfuata, amekunja uso.

"Shikamoo, bibi. Maji ya ndoo zako unamwaga wapi?" mke akauliza.

"Marahaba. Kumbe mnanipeleleza!" Bibi akafungua mlango kwa hasira. "Namwagilia bustani kule chini. Ingieni, mpekue na uvunguni!"

Mke akagusa ukuta wa bibi. Ulikuwa mkavu.

"Wenu mmeupaka nini?" bibi akauliza.

"Saruji, juu ya chokaa ya zamani. Ili wanunuzi waupende."

"Basi mmeuziba pumzi. Ukuta wa mawe hunyonya unyevu ardhini, kisha huutoa nje kupitia chokaa. Ukipaka saruji, maji yanabaki ndani, yanaula. Nani aliwashauri?"

"Dalali."

"Hata mimi alinishauri yeye. Nyumba yangu ya kwanza nilimwachia kwa bei ya kutupa, eti inaanguka. Mpaka leo imesimama, na wapangaji wamejaa."

Mume akaona haya. "Tusamehe, bibi. Sasa tufanyeje?"

"Bandueni saruji yote. Ukuta ukauke kiangazi kizima, kisha mpige lipu ya chokaa na mchanga. Kabla ya kuuza, mwiteni mkaguzi wa halmashauri, mkaulize na bei za nyumba nyingine. Msiuze kwa neno la mtu mmoja. Hata langu."

Wakabandua kwa nyundo na patasi, vumbi mpaka kwenye kope. Kiangazi kikapita. Wakapiga chokaa. Mkaguzi akaja, akasema nyumba ni imara.

Mvua zilipoanza, dalali akarudi na mteja wake. Mteja akaweka kiganja ukutani.

"Pakavu. Si uliniambia inaanguka?"

Dalali akakohoa.

"Karibu ndani," mke akamwambia mteja. "Bei tutazungumza sisi na wewe. Shemeji, wewe subiri nje."