Mchoraji wa Nyuma ya Pazia

"Studio ikiacha filamu ikaingia kwenye gemu, mimi nahesabu imekufa," Fumika alisema, akagonga meza kwa kidole. "Na anayeitetea nahesabu yuko mazishini."

"Basi nihesabu," Kyohei akajibu huku anakoroga kahawa. "Nitakuja na suti nyeusi."

Watu wakacheka. Ilikuwa Jumapili mchana, mkahawani kwangu hapa Ogikubo, ghorofa ya juu, ambako mashabiki wa Studio Tsukimado wamekuwa wakikutana tangu mume wangu akiwa hai. Studio yenyewe iko mitaa miwili nyuma yetu. Filamu zake ni za katuni, lakini si za watoto. Ni zile ambazo duka huziweka nyuma ya pazia, na mtu akitoka nazo huangalia viatu vyake. Hawa wangu hawaangalii viatu. Wanazijua filamu hizo kama wengine wanavyoijua besiboli.

Wiki hiyo studio ilitangaza kwamba filamu basi, kuanzia sasa ni gemu tu.

"Dada Fumika, dunia inatembea," akasema Mogi, dereva wa teksi. "Filamu naimaliza kwa saa moja na nusu. Gemu nakaa nayo miezi mitatu."

"Hata jino bovu unakaa nalo miezi mitatu, Mogi."

"Mpe, mwanangu, mpe," akachochea Mama Nozue, muuza maua, ambaye gemu hajawahi kuigusa na hataki.

"Lakini anayeniuma zaidi ni Shigure," Fumika akaendelea.

Huyo Shigure ni mchoraji. Hakuna aliyemjua. Mwisho wa filamu hujiandika hivyo tu, jina la bandia, kama wengi wa kazi ile wanavyojificha wasije wakajulikana na wakwe.

"Hakuna mtu hai anayemchora mwanamke akigeuza shingo kama yeye. Ni nusu sekunde, lakini unajua kabisa huyo mwanamke amekasirikia nini. Leo mkono ule anawapa watu wa kubonyeza vitufe. Nikikutana naye namwambia usoni, wewe ni mwoga."

Kyohei akazidi kukoroga kahawa. Nilimwona masikio yanaiva.

Hawa wawili walikuwa wachumba, mjue. Wangeandikisha ndoa tarehe ishirini na mbili Novemba, ile siku wapenzi hujazana ofisi ya wadi, ile ya serikali ya mtaa, kwa sababu kwa lugha yetu tarehe yenyewe inasomeka kama "mume na mke wema". Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Nikaona nipoze moto kabla haujashika nyumba.

"Tulieni. Kitendawili."

"Tega, bibi."

"Watu mia wamelala chali. Upepo mmoja ukiwapitia, anainuka mtu mmoja, anatembea."

"Treni ya asubuhi," akasema Mogi.

"Makaburi," akasema Mama Nozue.

"Mama, kunywa chai yako."

Kyohei hata hakufikiri. "Ni karatasi za mchora katuni, bibi. Zikiwa zimelala ni picha mia. Ukizipepea, ni mtu mmoja."

Ili atuonyeshe, akavuta karatasi za sahihi ambazo Fumika alikuwa amezikusanya kuipinga studio. Akazishika kwa mkono wa kushoto, akapachika moja moja katikati ya vidole, akaanza kuzipepea, mbele, nyuma, mbele, nyuma, jicho limetulia.

Fumika akaweka kikombe chini polepole.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulivyofanya vidole. Rudia."

Kyohei akaziachia karatasi kama zimemchoma.

"Miaka tisa naangalia video za wachoraji wakiwa kazini," Fumika akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hapo ndipo mtu anapaswa kumwogopa. "Watu wote hupekua karatasi kama gazeti. Anayepachika vidole hivyo, ndiyo kazi yake kila siku. Wewe uliniambia unachora ramani za nyumba."

"Ndiyo."

"Nyumba hazitembei, Kyohei. Pale Tsukimado wewe ni nani?"

Akaangalia dirisha, akaniangalia mimi, akakosa pa kwenda.

"Shigure."

Kijiko cha Mogi kikaanguka.

"Miaka mitatu namsifia mtu mbele yake," Fumika akasema. "Miaka mitatu unaniangalia najiaibisha, unakoroga kahawa."

Akavaa koti, mkono wa kushoto kwanza, akashuka ngazi. Hakukimbia. Alishuka kama mtu anayejua anakokwenda.

Kyohei akaanza kutuma ujumbe.

"Fumika, pokea simu."

"Fumika, nilitaka kukuambia tarehe ishirini na mbili."

Jibu lilikuja siku ya tatu: "Tukishaandikisha? Yaani ningejua nimeolewa na nani baada ya kuolewa?"

Alhamisi Fumika akaja mkahawani, akaketi karibu na kaunta. Simu ikaita. Akaiweka sauti ya nje.

"Bibi Tokie, sikiliza na wewe, usije ukasema nimemwonea. Haya, Kyohei, sema."

"Siku ya kwanza tulipokutana ulimsifia Shigure saa nzima," sauti ya Kyohei ikasema. "Nikaona huyu mwanamke anampenda yule. Nikataka anipende huyu."

"Nikakupenda huyo. Kumbe huyo kazi yake ya uongo, ofisi yake ya uongo. Nimepewa ganda, ndizi umebaki nayo."

"Nimechoka kujificha. Kwenye gemu nitaandika jina langu kamili."

"Usiniambie mimi. Jumamosi studio inakutana na mashabiki pale Nakano. Mimi naja na sahihi mia tatu na kumi na mbili. Uwepo usiwepo, nitasema ninachokwenda kusema. Na tarehe ishirini na mbili usiniulize mpaka hapo."

Akakata.

"Mwanangu," nikamuuliza, "bado unampenda?"

"Sana, bibi. Ndiyo maana sitamlegezea."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nusu ya watu walivaa barakoa, na si kwa sababu ya mafua. Mkurugenzi wa studio alipomaliza hotuba yake ndefu, Fumika akachukua kipaza sauti.

"Naitwa Fumika Osanai. Sijavaa barakoa, mniangalie vizuri. Kwenye filamu, mwanamke hugeuza shingo kwa sababu kuna neno limemgusa. Kwenye gemu atageuza kwa sababu mtu kabonyeza. Nauliza, nani atamwonea uchungu huyo mwanamke?"

Ukumbi ukapiga makofi mpaka viti vikatikisika. Mkurugenzi akakohoa, akatafuta maji. Akatokea mtu pembeni ya jukwaa, uso wazi.

"Swali hilo ni langu," akasema. "Naitwa Kyohei Karasawa. Miaka tisa nimejiandika Shigure. Leo ni mwisho."

Mtu mmoja akavua barakoa, amwone vizuri.

"Dada Fumika, kwenye filamu nimechora wanawake arobaini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukataa. Hadithi ilikuwa imeshaamua atakubali, mimi nachora anavyokubali. Sasa nina miezi minane nachora anavyokataa. Kwenye gemu hii mchezaji akimdanganya, mwanamke anavaa koti anaondoka. Ubonyeze mara mia, hageuki."

"Gemu gani hiyo mtu anaachwa?" mmoja akauliza kutoka nyuma. Watu wakacheka.

"Ndiyo hiyo," Kyohei akasema.

Fumika hakucheka. "Anavyovaa koti umejifunzia wapi?"

"Nilikuwa nimechora vibaya. Jumatatu nikarudia. Sasa anaanza na mkono wa kushoto."

Watu wakacheka tena, wote isipokuwa wawili.

"Akishaondoka, harudi tena?"

"Kwanza lazima aambiwe ukweli wote, mbele ya watu. Hata hapo si lazima arudi. Hilo nimemwachia mwenyewe."

Fumika akapanda jukwaani. Nilidhani atamkumbatia. Akampita, akamkabidhi mkurugenzi karatasi zake kwa mikono miwili, akainama. Kisha akamgeukia Kyohei.

"Bado nazitaka filamu. Hoja yako nzuri, ila haijanishinda."

"Sikuja kukushinda."

"Nilisema Shigure ni mwoga. Nafuta." Akaanza kushuka jukwaani. "Alhamisi ya tarehe ishirini na mbili uje mapema. Nasikia foleni ni ndefu."

Alhamisi asubuhi fomu ya ndoa ilikuwa juu ya kaunta yangu. Inahitaji mashahidi wawili.

"Mmoja wa gemu, mmoja wa filamu," Fumika akaamua. "Sitaki mtu aseme nimehama upande."

Mogi akagonga mhuri wake wa jina, ndiyo sahihi yetu huku. Mama Nozue akagonga wake karibu kabisa, akamsukuma kwa kiwiko.

"Usijaze nafasi yote, bwana gemu."

"Mama, huo mhuri wako umepinda."

"Umepinda, lakini hauhitaji betri."

Nikaenda nao mpaka ofisi ya wadi. Karani wa dirishani, mwanaume wa makamo mwenye miwani, akaisoma fomu, akaisukuma nyuma.

"Hamjachagua jina la ukoo. Sheria inataka moja kwa wote wawili. Mtatumia la mume au la mke?"

"La mke," Kyohei akasema. "Mimi nimezoea kuishi bila jina."

"La mume," Fumika akasema, akachukua kalamu. "Miaka tisa hakuna aliyelisoma. Sasa kila nitakaposimama kuwapinga Tsukimado, waandike wamepingwa na Karasawa."

Akaweka alama.

Karani akainua kichwa. "Tsukimado ipi? Ile ya hapa Ogikubo?"

"Hiyo hiyo."

Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akagonga mhuri wa wadi juu ya ndoa yao, kisha akainamia kioo, akashusha sauti.

"Hongereni sana. Samahani, eti ni kweli filamu hawatoi tena?"

Nyuma yetu wachumba arobaini walikuwa wanasubiri zamu yao. Bi Karasawa akavuta kiti, akaketi.