Aliyelazwa Majanini

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mtama. Mke wa fundi cherehani alikuwa akipalilia shamba lao, lililopakana na hifadhi kubwa ya wanyama. Mwanawe mchanga alisinzia chini ya mti.

Kwenye nyasi za mpakani, mama akaona macho mawili. Alikuwa mtoto wa swala, peke yake, amejikunja kimya kama kitu cha ndotoni. Hakukimbia. Hakulia.

"Masikini, umetupwa," mama akamwambia. Akamfunga kwa mtandio, akaenda nyumbani na watoto wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani.

Fundi aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akauliza huyu wa pili wamempata lini. Mkewe akacheka, akapasha maziwa ya ng'ombe. Lakini mtoto wa swala alikaza mdomo. Maziwa yote yakamwagika sakafuni. Moyo wake ulikwenda mbio. Kicheko kikamkauka mama. Huyu atamfia mikononi.

Fundi akaacha kazi, akamwita jirani yao, askari wa hifadhi. Alikuja upesi. Hakumkaripia mtu.

"Dada, ulipokuwa unapalilia, mwanao ulimtupa?"

"Nimtupe? Nilimlaza."

"Basi na huyu alilazwa."

Akaeleza taratibu. Mtoto wa swala akiwa mchanga hana harufu kali, wala hawezi kukimbia sana. Mama yake humficha majanini na kukaa mbali, ili chui asimfuate mpaka kwa mtoto. Hurudi kumnyonyesha, kisha huondoka tena. Ukimwona, usimguse wala usimlishe. Ukiwa na wasiwasi, mwite askari.

"Na mimi nimeshamshika. Atamkataa?"

"Tukiwahi, mara nyingi humpokea. Twende."

Walimrudisha palepale nyasi zilipolala. Wakakaa mbali, mahali ambapo upepo haukupeleka harufu yao. Jua likalainika. Mtoto mchanga akaamka, akanyonya, akalala tena. Macho ya mama hayakubanduka mpakani.

Kisha nyasi zikafunguka. Swala jike akatokea, akasimama, akanusa kwa muda mrefu. Swala akainama, akamlamba mwanawe shingoni, pale mtandio ulipokuwa umembana. Mkia mdogo ukaanza kutikisika. Ananyonya.

Siku hizi mama hafyeki nyasi za mpakani msimu wa swala kuzaa. Wapita njia wakimtania kuwa amekuwa mvivu, huwajibu kwa sauti ya chini:

"Piteni polepole. Kuna mtoto wa watu amelala."